Kidole cha Kwanza ni Gumba

Mtu ana mikono miwili, lakini Kitinda alikwenda kuvunja ule wa kulia. Alikuwa amepanda juu ya kiti cha chekechea, vile viti vya watoto visivyofika hata magotini mwa mtu mzima, akitundika maua ya karatasi ya mahafali. Kiti kikateleza, naye akajikinga kwa kiganja. Ajali haina kinga, ndivyo walivyosema wote waliokuja kumpa pole. Mama yake aliwaitikia, akawapa chai, lakini alijua kwamba pole yenyewe haikuwa ya mfupa. Mfupa ungeunga. Pole ilikuwa ya kazi.

"Mkuu wa shule kasemaje?" aliuliza siku ya pili, akimkatia mkate, maana mkono mmoja haukati mkate.

"Kasema nisijali. Watoto wataimba na spika."

"Si afadhali?"

"Afadhali gani, Mama? Mimi ni mwalimu wa muziki. Kama spika inatosha siku ya mahafali, bodi haitauliza kwa nini isitoshe siku nyingine zote? Na muhula wangu wa majaribio unaisha siku hiyo hiyo."

Baba yake, fundi bomba mwenye maneno machache na mengi ya hayo machache yakiwa utani, alishusha kikombe. "Piga na wa kushoto."

"Wa kushoto unasindikiza tu, Baba. Wimbo wenyewe uko kulia. Watoto wa miaka sita wasiposikia wimbo, kila mmoja atashika njia yake."

Hapo mama aliitazama mikono yake mwenyewe. Watu walimwita Mama Chapa. Kwa miaka thelathini alikuwa akichapa barua za watu katika kiduka kinachotazamana na mahakama: maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, viapo, malalamiko ya jirani dhidi ya jirani. Alianza na mashine ya chuma ambayo kila herufi ilitaka nguvu, akahamia kwenye kompyuta, na vidole vyake havikuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni vizito.

"Kinanda chako kina vitufe, hakina?" aliuliza.

"Kinavyo, ila..."

"Basi mkono wako wa kulia utakuwa huu hapa. Zimebaki siku ngapi?"

Kitinda alimtazama mama yake, akatazama plasta, akamtazama tena. Alitaka kucheka, kisha akaona kwamba mama hatanii.

"Kumi na mbili," alisema.

*

Siku tatu za mwanzo Kitinda hakuweza kumfundisha mtu. Asubuhi alikuwa shuleni akiwaimbisha watoto bila kinanda, mchana hospitali, na akirudi dawa za maumivu zilimlaza kabla jua halijazama. Kwa hiyo alimwandikia mama yake karatasi, kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba. Juu kabisa aliandika: *Kidole cha kwanza kwenye do.* Do yenyewe aliibandikia kipande cha karatasi nyekundu. Chini yake akapanga namba za vidole, moja mpaka tano, kila neno la wimbo na namba zake, na kati ya neno na neno akaacha nafasi ili macho ya mama yasichanganyikiwe.

Wimbo aliutunga mwenyewe kwa ajili ya watoto wanaoaga chekechea:

*Tumekua, tumekua,*
*viatu havitutoshi.*

Mama Chapa aliipenda karatasi ile. Karatasi ni kitu alichokielewa. Kila alasiri alipotoka kazini alivua viatu, akakaa mbele ya kinanda kilichowekwa juu ya meza ya kupigia pasi, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa usichanani, akaanza. Kinanda kiliruka. Meza ililia. Mumewe alichungulia mlangoni akiwa na spana mkononi.

"Mke wangu, unapiga au unatwanga?"

"Nenda kazibe mabomba yako."

Alikwenda. Lakini alipokuwa akifunga mlango alisikia wimbo ukianza kujitokeza, ukichechemea kidogo, na akaondoka akiupigia mluzi.

*

Siku ya nne Kitinda alirudi mapema, maumivu yamepungua, akavuta kiti karibu na mama yake. "Haya, Mama. Nisikie."

Mama Chapa alipiga. Alipiga mstari mzima bila kusita, macho kwenye karatasi, na alipomaliza aligeuka kwa fahari ambayo hakuificha.

Kitinda alikuwa amekunja uso. "Rudia, lakini polepole. Mama, hiyo sauti inayoingia kila neno likiisha ni ya nini?"

"Ipi?"

"Tumekua, *ti*, tumekua, *ti*."

"Ah, hiyo ni nafasi."

"Nafasi gani?"

"Nafasi kati ya neno na neno. Si umeiacha mwenyewe hapa?" Akamwonyesha kwenye karatasi. "Nafasi ni kazi ya gumba."

Kitinda aliutazama mkono wa mama yake na sasa akaona kila kitu. Kidole cha shahada ndicho kilichokaa juu ya karatasi nyekundu. Gumba lilikuwa nje, kushoto kwa do, likingoja neno liishe lipige. Ndivyo Mama Chapa alivyofundishwa tangu enzi za mashine ya chuma, na mwalimu aliyeshika rula: vidole vya kazi ni vinane, vinne huku na vinne huku, na cha kwanza ni shahada. Gumba si kidole cha kazi. Gumba linaweka nafasi.

"Na tano?" Kitinda aliuliza, sauti imeanza kumtetemeka. "Ukikuta tano unafanyaje?"

"Mkono mmoja una vinne. Cha tano ni cha mkono wa pili." Na mama akamwonyesha: mkono wa kushoto ukapanda juu ya wa kulia, shahada yake ikaidonoa so, ukarudi mapajani. "Hapa pana shida kidogo, lakini nimeshapazoea."

Kitinda alicheka. Alicheka mpaka plasta ikamuuma, akalaza kichwa juu ya meza. Baba yake aliyekuwa mlangoni naye kicheko kikamtoka. Hata Mama Chapa mwenyewe alitabasamu mwanzoni. Halafu alihesabu moyoni: siku nne kati ya kumi na mbili, alasiri nne nzima, miguu imevimba kwa kutwa ya kazi. Tabasamu likamwisha. Aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Iliuma. Hakuna aliyekuwa amemcheka kwa kazi ya vidole vyake tangu akiwa msichana, na sasa aliyemcheka ni yule aliyemlea kwa vidole hivyo hivyo. Aliosha kikombe kimoja mara tatu. Kutoka chumbani alimsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, ambayo kwa fundi bomba ni sauti ya watu wengine ya kawaida.

"Ulipojifunza kufunga kamba za viatu, wakumbuka? Ulifunga ya kushoto na ya kulia pamoja, ukainuka, ukaanguka kifudifudi. Nani alicheka?"

"Wewe, Baba."

"Mimi nilicheka, sikatai. Mama yako hakucheka. Alikaa sakafuni akafungua."

Kisha Kitinda akaingia jikoni, akachukua kitambaa kwa mkono wake mmoja mzima, akaanza kukausha vile vikombe safi.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikuandika kwamba kidole cha kwanza ni gumba. Nilidhani kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Ndiyo hivyo. Mwalimu akisema kila mtu anajua, bora aache kufundisha. Nisamehe, Mama."

Mama Chapa alimpa kikombe kingine. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imeshaanza kutafuta mlango wa kutokea.

"Kwa hiyo hilo gumba," alisema baadaye, "miaka yote hii kumbe lilikuwa na kazi?"

*

Kujifunza si kugumu kama kujifunza upya. Gumba la Mama Chapa lilikuwa limezoea kungoja, na sasa liliambiwa liongoze. Lilichelewa. Lilisahau. Mara nyingine lilijipigia nafasi yake ya zamani pale ambapo hapakuwa na neno wala nafasi.

"Gumba, Mama."

"Naliona."

"Mkono uwe wa mviringo, kama umeshika chungwa."

"Nikishika chungwa nitapiga na nini?"

"Na usigonge. Bonyeza tu. Hakuna karatasi ya kutoboa hapo."

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa mstari wa tatu. Hapo wimbo unapanda kuliko vidole vitano vinavyofika, na gumba linatakiwa kupita chini ya kidole cha kati, liibukie upande wa pili, ndipo vidole vingine vifuate. Kitinda alilieleza, akalichora, akaushika mkono wa mama yake na kulisukuma gumba kwa kidole chake. Likikaribia kupita, mkono wote uliinuka juu kama wa mtu aliyegusa sufuria la moto.

Jumamosi walipasuka.

"Mama, husikii ninachokwambia!"

"Nasikia! Vidole ndivyo havisikii!"

"Basi tuache. Bora hiyo spika!"

"Spika ndiyo iliyokuzaa?"

Chakula cha mchana kililiwa kwa macho chini. "Baba, mwambie Mama aniletee chumvi," Kitinda alisema. "Mwambie mwanao ana mkono mmoja mzima na miguu miwili," Mama Chapa alijibu. Fundi bomba alitazama kushoto, akatazama kulia, akainuka akaileta chumvi mwenyewe.

"Mimi kazi yangu kupitisha maji," alisema. "Maneno mpitishe wenyewe."

Kitinda ndiye aliyecheka kwanza. Alasiri hiyo walirudi mezani, na hakuna aliyeomba radhi kwa mwenzake. Jumapili waligombana tena, lakini ugomvi mfupi.

Mwishowe lile gumba halikufundishwa na Kitinda. Mama Chapa alilifundisha jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa zamani, kwa kurudia kitu kidogo mpaka kichoke kukataa. Jumatatu aliandika namba kwenye kucha zake kwa kalamu, moja kwenye gumba na tano kwenye kidole cha mwisho, na kila mteja alipoondoka alivipitisha vidole kwenye ukingo wa meza ya duka. Kati, chini, gumba. Kati, chini, gumba. Mzee mmoja aliyeleta malalamiko ya shamba alisimama muda mrefu akimwangalia.

"Mama Chapa, kulikoni? Umeanza kuvihesabu vidole?"

"Navihesabu, mzee wangu. Nimegundua nilikuwa napunjwa kimoja."

*

Siku mbili kabla ya mahafali walikwenda shuleni kwa mazoezi. Mkuu wa shule, mwanamke nadhifu aliyeshika kalamu hata asipokuwa na cha kuandika, aliwaona mama na binti wakibanana kwenye benchi moja mbele ya kinanda, akaja taratibu.

"Karibu, Mama. Wewe muziki umesomea wapi?"

"Nyumbani, Mkuu. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

Mwalimu mmoja nyuma alikohoa, kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mama Chapa alikisikia na masikio yakamwaka moto. Walipoanza, kwa ile aibu alikimbia. Mpiga chapa akiona aibu huongeza kasi, kwa kuwa kazi ikiisha haraka na aibu inaisha haraka. Watoto walimfuata mistari miwili, wa tatu ukawaacha, wa nne aliupiga peke yake.

Mkuu hakukaripia. Ingekuwa afadhali angekaripia. Alimwagiza mtunza vifaa alete spika na aiweke hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye benchi la Mama Chapa. "Siku yenyewe ukae karibu nayo," alimwambia mtunza vifaa. "Likitokea lolote, unabonyeza." Kisha akamvuta Kitinda pembeni, lakini si mbali vya kutosha. "Nakuelewa, mwalimu. Ila sitaki mzaha mbele ya wazazi."

Njiani kurudi, Mama Chapa alitembea hatua moja nyuma ya binti yake kwa mitaa miwili. Alikuwa akiogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya kuchekwa tena. Aliogopa kwamba binti yake angeipoteza kazi si kwa sababu ya mkono uliovunjika bali kwa sababu ya huu mzima.

"Kitinda, mwanangu, waache waweke spika. Nisije nikakuharibia."

Kitinda alisimama. "Mama, umegundua kwamba huangalii vidole?"

"Mpiga chapa akiangalia vidole anafukuzwa."

"Wanafunzi wangu wote huangalia. Mimi miaka yote hii bado navitupia jicho. Wewe huangalii kabisa. Na ile karatasi, bado unaihitaji?"

Mama Chapa alifikiri. "Sina haja nayo. Naitazama kwa mazoea."

"Basi hayo macho uliyonayo bure wape watoto. Itazame midomo yao. Wakienda, nenda. Wakisimama, simama."

*

Ukumbi ulijaa wazazi waliovaa nguo za kutokea, wakiinua simu juu ya vichwa vya wenzao. Fundi bomba alikaa mstari wa tatu, amefunga tai aliyoikaza kama anazuia uvujaji. Mtunza vifaa alikaa karibu na spika, kidole juu ya kitufe.

Watoto ishirini na wawili walipanda jukwaani. Kitinda akauweka mkono wa kushoto mahali pake. Mama Chapa akaweka gumba kwenye do. Karatasi nyekundu ilikuwa imeshabanduliwa, lakini gumba lilijua.

*Tumekua, tumekua,*
*viatu havitutoshi.*

Walikwenda pamoja. Mama Chapa aliitazama midomo ishirini na miwili, mingine ina mapengo, na kwa mara ya kwanza tangu aguse kinanda kile hakuwa akifikiria vidole. Ulikuja mstari wa tatu. Mstari huo uliimbwa na msichana mmoja peke yake, mdogo kuliko wote, soksi moja juu na nyingine chini:

*Mlango huu tuliuona mkubwa...*

Alifika katikati akamwona mtu wake kwenye umati. Akapunga mkono. Maneno yakamtoka kichwani, akabaki mdomo wazi.

Mkono wa Kitinda ulisita. Pembeni, mtunza vifaa aliinamia kitufe. Mama Chapa alikuwa na kidole cha kati juu ya mi, na gumba lilikuwa limekwisha pita chini yake, limefika fa, limetulia. Hakulipiga. Alikibonyeza kidole cha kati na kukiacha pale pale, sauti moja ndefu, macho kwa mtoto, akamtikisia kichwa kama mtu anayemwambia mwenzake chukua muda wako, sisi hatuna haraka. Alingoja. Miaka thelathini alikuwa amelipwa kwa kutongoja.

Mtoto alivuta pumzi. Midomo yake ikaanza kutengeneza neno, na Mama Chapa akaliona neno kabla halijatoka.

*...leo twainama kidogo.*

Gumba likashuka pamoja na neno, vidole vikafuata, sauti ikapanda, na darasa zima likauvamia mstari wa nne kwa nguvu hata wengine wakaisahau sauti kabisa wakapiga kelele tu. Wazazi walisimama. Mtunza vifaa aliondoa mkono kwenye kitufe, akaanza kupiga makofi.

Kitinda alilaza kichwa kwenye bega la mama yake. Alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kujifutia, maana mmoja ulikuwa na plasta na mwingine ulikuwa umeng'ang'ania gauni la mama yake.

*

Watu walipoanza kutawanyika, mkuu wa shule aliwajia kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza hakuwa ameshika kalamu.

"Mama, nilikutazama wewe zaidi kuliko watoto," alisema. "Siku kumi na mbili! Mimi nilijaribu kumfundisha mama yangu mzazi kutumia simu. Siku ya kwanza tukagombana, na mpaka leo akitaka kunisalimu anampigia dada yangu."

Fundi bomba alicheka. Mkuu akamgeukia Kitinda.

"Tunapata waombaji wengi wanaojua kupiga, mwalimu. Wanaojua kufundisha ndio hatuwapati. Mtu aliyeweza kumfundisha mama yake bila kugombana naye, darasa la watoto halitamshinda. Barua yako ya kazi nitaitia sahihi Jumatatu." Akasita, kama mtu anayetaka kuhakikisha hesabu yake. "Na kweli hamkugombana?"

Kitinda aliinamia plasta yake. Rangi ilimpanda usoni. Fundi bomba, ambaye hakuwahi kuupita utani barabarani bila kuusalimu, alivuta pumzi ya kusema jambo, na mkewe akamkanyaga mguu.

Kwa miaka thelathini Mama Chapa alikuwa amechapa viapo vya watu mbele ya mahakama, ukweli mtupu, bila kuongeza wala kupunguza hata nukta.

"Hata mara moja," alisema, akimtazama mkuu machoni.